Kengele Tatu Mwishoni mwa Kaseti

Ijumaa iliyopita nilimkabidhi Amisi ufunguo wa chumba cha mashine, na kabla sijauachilia nilimwambia aujaribu kwanza mlangoni. Akacheka. Mimi sikucheka. Miaka yote niliyofanya kazi kwenye redio yetu hapa Kindu nimeishi kwa mashaka: sikuamini kaseti, sikuamini seva, mara nyingi sikuamini watu. Nawaandikia nyinyi mnaobaki na kazi hii. Vyeo na mshahara sitavigusa. Vya kwanza havina hadithi, na huo wa pili mnaujua wenyewe. Nitaandika jinsi tulivyofanya kazi, na mara ile moja ambapo mashaka yangu yalimwangukia mtu asiyestahili.

Mengi nayatoa kwenye daftari nililoanza nikiwa na miaka kumi na sita, mwaka wa nne wa sekondari, vita vilipofunga shule. Ukurasa wa kwanza umeandikwa hivi: "Leo nimesema maneno sita mbele ya watu. Nimeyahesabu." Ndivyo nilivyokuwa. Mtu akiniita jina langu sokoni nilijificha nyuma ya shangazi.

Nilikuwa kwa shangazi kwa sababu mama alikuwa amekwenda Punia kuuza chumvi na sabuni, na barabara ikafungwa nyuma yake. Gari la moshi halikuja tena, nyasi zilikua katikati ya reli hadi mbuzi wakawa wanalisha pale. Shangazi alichoka kunitazama nikikaa. Akanishika mkono, akanipeleka redioni, kwa fundi aitwaye Papa Alimasi, mzee mwembamba aliyekuwa zamani akitengeneza simu za reli.

"Binti, unajua kuandika?" akaniuliza.

Nikaitika kwa kichwa.

"Na kusema?"

Nikatazama sakafu.

"Muzuri. Hapa wasemaji tuko nao wengi kupita."

Kazi ilikuwa hii. Watu waliotawanywa na vita walikuja kurekodi salamu kwa ndugu zao: niko mzima, niko kwa fulani, msiniite marehemu. Lakini mtambo wetu haukufika mbali. Kulikuwa na redio ndogo Lokandu, tukishuka na mto, na nyingine Punia, huko porini kaskazini. Basi kila salamu iliyorekodiwa mahali pamoja ilibidi ifike mahali pote patatu. Tulikopi kaseti, zikaenda kwa mtumbwi mpaka Lokandu, kisha kwa baisikeli mpaka Punia, na za huko zikarudi kwa njia ileile. Nyinyi leo mna maneno marefu kwa jambo hilo. Sisi tulisema tu: vituo vitatu, kitu kimoja.

Papa Alimasi ndiye aliyenifundisha kushuku. Somo la kwanza lilikuwa vimeno viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Ukivivunja, mashine haikubali kurekodi juu yake. Alivivunja kwa ncha ya kisu na kuvihesabu mezani, kwa kuwa kwenye vizuizi vya njiani wenye silaha walipenda muziki, na mara moja kaseti ya salamu za familia ishirini ilitufikia ikiwa imejaa gitaa. Lakini wale nao walijifunza kuziba mashimo kwa karatasi. Hapo ndipo likaja somo la pili, alama.

Kila kituo kilikuwa na sauti yake mwishoni mwa kaseti. Kindu tuligonga kijiko mara tatu juu ya kipande cha reli. Lokandu, mwangalizi wao Sumaili aligonga chupa tupu mara tatu. Punia walipiga kengele ya baisikeli mara tatu. Anayekopi alisimamisha kopi yake kabla ya alama ya mwenzake, akaweka yake mwenyewe. Hivyo ukisikia chupa, unajua kopi imetoka Lokandu na imefika mwisho. Usiposikia kitu, au ukisikia mbili, kopi hiyo ni mbovu, irudi ilikotoka.

"Na kama ni nne?" nilimuuliza siku moja. Daftari linasema lilikuwa swali langu la kwanza kwake.

"Ine? Ine njo mbovu zaidi. Muntu hajui hata kuhesabu."

Kaseti yenye salamu ya mama ilifika ikitoka Lokandu, chupa mara tatu. Nilikuwa nimevaa vipokea sauti nikiandika majina, ghafla nikasikia: "Zaina, ni mama. Niko mzima kwa Punia, kwa ndugu ya baba yako. Usile mpunga wa mbegu. Na mulango wa nyuma funga na muti, kile kitasa kimekufa." Basi. Nililia bila sauti, maana hata kulia niliona haya. Papa Alimasi akanivua vipokea sauti, akasikiliza yeye.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, papa."

"Una hakika? Sauti inaigwa."

"Kitasa," nikasema. "Habari ya kitasa hakuna anayeijua."

Akafikiri. "Basi ni yeye. Sikiliza mara moja tena, kisha kopi."

Mama alirudi kwa miguu barabara ilipofunguka, amekonda, akaenda moja kwa moja kutazama mlango wa nyuma. Sikumwambia kamwe kwamba nilithibitisha sauti yake kwa kitasa. Niliona haya.

Miaka ikapita kama inavyopita kazini, kwa kubadilisha vyombo. Papa Alimasi alifariki, kijiko akaniachia mimi. Zikaja kompyuta, kisha seva tatu, moja kila kituo, na rezo, yaani mtandao wa kuziunganisha, ambayo hufunguka inapotaka. Nilikaa karibu mwaka mzima nikiingiza kaseti za vita ndani ya kompyuta, moja baada ya nyingine. Ile reli, zile chupa, nilizikata mwishoni mwa kila faili. Niliziona ni kelele. Kaseti zetu za Kindu zilikuwa na ukungu, tukazitupa. Haya mawili niliyafanya mimi, kwa mkono wangu, na mwaka ule nilisifiwa kwa usafi.

Mnaijua folda ya pamoja tunayoiita Sanduku. Ukiweka sauti ndani ya Sanduku Kindu, rezo ikifunguka inaonekana Lokandu na Punia. Ukiiondoa mahali pamoja, inaondoka pote. Hilo la pili watu hulisahau. Hata kopi yetu ya akiba nilikuwa nimeipanga ifuate Sanduku kila siku, kwa hiyo ilikuwa mwanafunzi mtiifu: mwenzake akifuta, naye anafuta. Msifanye hivyo. Kopi ya akiba inatakiwa iwe kaidi.

Sauti zikaanza kupotea. Kwanza mwalimu mmoja wa Lokandu aliyesimulia wakati wa vita jinsi alivyofundishia kwenye kibanda cha kukaushia samaki. Kisha muuguzi mmoja. Kisha mzee wa mtumbwi aliyekuwa akibeba kaseti zetu. Faili haikuharibika, haikukatika. Haikuwepo tu, popote. Sikuona kwamba wote watatu walikuwa wamefariki karibuni. Mtu mwenye mashaka hutazama nani aliye karibu, basi.

Aliyekuwa karibu ni Amisi. Wengi mnamfahamu: fundi mwenzangu, mpenzi wa dansi la zamani, mtu wa maneno. Tulifunga seva ya Lokandu pamoja, kwa hiyo neno la siri la Lokandu alilijua. Na alikuwa akisema wazi, mbele ya wote, kwamba salamu za vita zinakula nafasi.

"Dada Zaina, vita viliisha, lakini kwa hii mashine vingali vinapigana," alisema. "Tuondoe kidogo, tuweke muziki. Wasikilizaji pia wako wazima, si wafu peke yao."

Nilicheka na wengine. Kisha nikaliandika kwenye daftari, na tarehe.

Halafu mama akafariki. Alikuwa mzee, aliugua siku chache, tukamzika. Baada ya siku nane za matanga nilirudi kazini, na kabla ya kufungua dirisha niliwasha kompyuta kumsikiliza. Mulango wa nyuma funga na muti. Nilitaka hilo tu.

Haikuwepo. Niliangalia seva ya Lokandu, haikuwepo. Punia, haikuwepo. Kopi ya akiba, mwanafunzi mtiifu, haikuwepo.

Seva huandika yenyewe kila inachotendewa. Niliifungua orodha hiyo. Iliandika: imeondolewa kwa neno la siri la Lokandu, siku ya tatu baada ya mazishi. Nikampigia Sumaili, ambaye bado ndiye mwangalizi wa Lokandu tangu enzi za chupa.

"Baba Sumaili, umefuta kitu kwenye Sanduku?"

"Miye? Sijafuta kitu."

"Una hakika?"

Akasema kwa ubaridi ambao sikuuzoea: "Ulizeni kwanza ndani ya nyumba yenu." Akakata.

Nilimwamini Sumaili, mtu asiyepangusa hata vumbi bila kuniandikia. Na maneno yake yalinielekeza nilikokuwa nimekwisha kuelekea. Nilikwenda kwa mkurugenzi na daftari langu lenye tarehe. Amisi aliitwa. Nilikuwepo, nikitazama sakafu kama siku ya kwanza.

"Mimi?" alisema. "Sauti ya mama yako? Mimi niliyebeba jeneza?"

"Neno la siri unalijua," nikasema.

"Na mama yako nilimjua. Alinipikia." Akamgeukia mkurugenzi. "Mupe ufunguo wangu. Sitaki kusimama karibu na mashine ya huyu mama tena."

Wakampeleka kazi ya kusoma matangazo. Hapo mlangoni, tangu siku hiyo, tulipishana bila salamu. Mfahamu kwamba katika nyumba ndogo kama yetu, mtu akisemwa amefuta sauti ya marehemu, hata mama anayemuuzia beignet, yale maandazi ya asubuhi, anamtazama vingine. Mimi nilibadilisha maneno ya siri yote, nikalala vizuri siku mbili. Siku ya tatu nikawaza: nimebadilisha, lakini sijaona. Papa Alimasi angeniuliza, una hakika? Siku ya thelathini na moja baada ya mazishi nikapanda mtumbwi wa mashine kwenda Lokandu.

Seva ya Lokandu iko kwenye chumba cha bati nyuma ya nyumba ya Sumaili, chini ya kitambaa cha kufuma, kama redio za wazee wetu. Nje samaki walikuwa wanakaushwa. Sumaili alinipa kiti, akanipa pole ya msiba, akatuletea maji.

"Nani anatumia neno lako la siri?" nikaanza.

"Miye."

"Na mwingine?"

"Mwingine nani? Hata muke wangu halijui, na yeye anajua mambo yangu yote."

"Basi nani aliondoa sauti ya mama?"

"Miye," akasema, kama mtu anayekubali kwamba amefagia uwanja.

Nilisimama. "Kwa simu ulisema hukufuta!"

"Sikufuta! Nilimuweka kando, kwa folda yangu. Kaa, mutoto wa watu. Mama yako amekufa, na ile programu yenu inachagua yenyewe cha kupiga. Unataka asikike kati ya tangazo la sabuni na habari za mupira, na udongo wake haujakauka? Hapa kwetu sauti ya marehemu inapumzika mpaka arobaini. Tangu kaseti tulifanya vile. Kaseti ya marehemu niliitoa kwa rafu, nikaifunga na kitambaa, kisha arobaini nikairudisha. Papa Alimasi alijua."

Papa Alimasi alijua. Hakuniambia, labda aliona kila mtu anajua.

Hapo nikaelewa nusu. Lokandu kuitoa kaseti kwenye rafu hakukugusa rafu yetu ya Kindu. Kuitoa faili kwenye Sanduku kuliigusa pote. Lakini kulikuwa na nusu nyingine.

"Na wale wa kwanza? Mwalimu? Arobaini yake imekwisha zamani."

Uso wake ukabadilika. "Hiyo njo ninakuuliza miye. Nilimurudisha. Rezo ikafunguka, akapotea. Nikamurudisha tena, akapotea. Mara tatu! Muuguzi, vilevile. Nikasema basi, Kindu wanatupa wafu wa Lokandu. Zaina amekuwa mukubwa, hatutaki tena. Njo maana nilikwambia uulize nyumba yenu."

Nilikaa. Sikizeni hii, ni ya kazi. Faili ikiondolewa, programu yetu hukumbuka kwamba iliondolewa na siku gani. Faili ileile ikirudi na tarehe yake ya zamani, programu inaona kitu kizee kinachojaribu kuingia baada ya kufukuzwa, na inakifukuza tena, pote. Kulikuwa na chaguo jingine: ingesimama na kumuuliza mtu. Siku ya kufunga seva nililikataa mimi mwenyewe, nikisema mashine isiamini kinachorudi. Nilikuwa nimeifundisha kuwa kama mimi.

Miezi yote ile mzee huyu alikuwa akirudisha wafu wake mmoja mmoja, na mimi nikiwatupa nje, yeye akiandika moyoni jina langu, mimi nikitafuta jina la kuandika. Na katikati yetu Amisi.

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Kwa hiyo hakuna mwizi."

"Hakuna."

"Na kuna muntu umemushika kwa hii?"

Nilitaja jina la Amisi. "Ee, Zaina," akasema polepole.

Siku ile tulitengeneza folda mpya ndani ya Sanduku lenyewe, tukaiita Arobaini, na ile faili ya mama aliyoiweka kando tukaihamishia humo. Vituo vyote vitatu vinaibeba, programu ya vipindi haiioni. Ipo mpaka leo. Mtu akifariki, sauti zake zihamishieni pale, siku zikitimia zirudisheni, na programu sasa inauliza. Kisha Sumaili akafungua kabati. Kaseti zake zote za vita zilikuwepo, zimepangwa, vimeno vimevunjwa, kila moja kwenye mfuko na majani makavu ya kuzuia wadudu. Mwalimu, muuguzi, mzee wa mtumbwi. Hakuwahi kutupa hata moja.

Akatoa moja, karatasi yake imeandikwa "Punia" kwa kalamu ya risasi.

"Hii si kopi yangu. Hii njo yenyewe ya mama yako, ilitoka Punia na baisikeli. Miye nilikopi, nikaweka chupa yangu, nikawatumia. Chupa yangu ukaikata. Nilisikia, usifikiri sikusikia." Alikuwa amekasirikia hilo muda mrefu kuliko mengine yote. "Chukua. Ukisikiliza, usizime haraka."

Nikanyoosha mkono kuelekea mashine yake ya kaseti, niijaribu.

Akaweka kiganja juu yake. "Leo ni siku ya ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Basi bado."

"Baba, nataka tu kujua kama ni nzima. Mwisho tu. Alama tu."

"Bado."

Kwa hiyo mimi, niliyewafundisha nyote kutopokea kopi bila kusikia alama, nilirudi Kindu na kaseti ndani ya mkoba ambayo sikuijaribu. Niliibeba siku tisa.

Kesho yake nilikwenda kwa mkurugenzi, nikasema yote mbele ya wafanyakazi, kwa sauti. Sikuhesabu maneno. Amisi hakuwepo, alikuwa amesoma matangazo ya asubuhi akaenda zake. Ikabidi nimfuate nyumbani, na kulikuwa na sababu ya pili, ambayo ni aibu zaidi: mashine ya kaseti inayofanya kazi, katika watu wote ninaowajua Kindu, anayo yeye. Anaitunza kwa ajili ya dansi lake.

Nilimkuta uwanjani akiosha miguu. Hakusimama.

"Nimekukosea," nikasema. "Si wewe. Hakuwa mtu. Nimewaambia wote leo."

"Wote?"

"Hata yule mama wa beignet."

Akaosha mguu wa pili. "Na huo mukoba umeukumbatia hivyo, una nini?"

"Kaseti ya mama. Sina mashine."

"Dada Zaina, unataka kuniachia mimi sauti ya mama yako. Mimi, mufutaji."

"Vimeno vimevunjwa," nikasema.

Alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka maji yakamwagika. Hakunisamehe siku ile, alisema hivyo mwenyewe. Alisema atakuja na mashine siku ya arobaini kwa sababu mama alimpikia, si kwa ajili yangu.

Alikuja. Baada ya dua, watu walipokwisha kula na kutawanyika, aliweka mashine juu ya meza karibu na mlango wa nyuma, akasafisha kichwa cha mashine kinachosoma utepe kwa pamba na pombe, akabonyeza.

Zaina, ni mama. Niko mzima kwa Punia. Mpunga wa mbegu. Mulango, muti, kitasa. Kisha kengele ya baisikeli: moja, mbili, tatu. Kopi ya Sumaili ilikuwa ikiishia kabla ya hapo. Mkono wangu ukaenda kuzima, kwa mazoea. Amisi akaushika.

Kaseti ilikuwa bado inazunguka. Nikamsikia mama, mbali kidogo na maikrofoni, mwenye umri mdogo kuliko wangu wa leo.

"Imekwisha?"

Sauti ya mwanaume: "Imekwisha, mama. Kengele tatu njo sheria."

"Piga moja tena. Yule mutoto wangu haamini kitu."

Wakacheka wote wawili. Na kengele ikalia mara ya nne.

Kisha Amisi akasema, "Ine. Kwa sheria yenu hii kaseti ni mbovu."

Nilichukua daftari, nikaandika kama tulivyokuwa tukiandika kila kopi iliyofika: Punia, kengele nne, imepokelewa. Mahali pa hali yake niliandika: nzima.